Rekodi za kaunti: Mwananchi ana haki ya kujua nini, na mfanyakazi alindwe vipi?

MKAZI wa Mwingi au Wote anapoingia katika ofisi ya kaunti kuuliza ni nani aliyepewa kandarasi ya kuchimba kisima cha kijiji chake, kwa kiasi gani cha pesa, na ni afisa yupi aliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika, haombi fadhila. Anadai haki aliyopewa na Katiba.

Hata hivyo, katika faili hiyo hiyo anayoiomba huenda mkawa na nambari ya simu ya karani, nambari ya kitambulisho cha mhandisi, akaunti ya benki ya mhasibu, na pengine barua ya daktari inayoeleza ni kwa nini mkaguzi fulani hakufika kazini wiki mbili. Je, yote hayo ni mali ya umma kwa sababu tu yamo katika faili ya umma?

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Wahenga hao hao wakasema siri ya mtungi aijuaye kata. Sheria za Kenya zinajaribu kuzitii methali zote mbili kwa wakati mmoja, na mpaka kati yake ndio unaowatatiza maafisa na wananchi wengi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Kitui na Makueni. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Sehemu kubwa ya kaunti hizo ni kame, na sehemu kubwa ya siasa zake huhusu maji, barabara, zahanati na mchanga wa mitoni. Kitui ina wadi 40 na Makueni 30. Katika wadi hizo miradi mingi ni midogo, watu wanajuana kwa majina, na karani aliyeandika ripoti leo atakutana sokoni kesho na mtu aliyetajwa ndani yake.

MSINGI WA KISHERIA

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, desturi ya ofisi za serikali ilikuwa usiri. Sheria ya Siri Rasmi ya 1968 ilimfunza mtumishi wa umma kwamba kufunga mdomo ndiyo njia salama. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliugeuza mzigo huo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia haki ya kutaka habari zisizo za kweli zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Kifungu cha 232 kinautaja uwazi na utoaji wa habari sahihi kwa wakati ufaao kuwa miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa bila sababu kwa habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi. Mfanyakazi wa kaunti hapotezi haki hiyo siku anapopokea barua ya ajira. Kifungu cha 236 nacho kinamkinga mtumishi wa umma asiadhibiwe wala kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na sheria.

Serikali za kaunti zilipoundwa baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, tayari zilikuwa zimewekewa wajibu huu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 96, inatamka kwamba kila raia ana haki ya kupata habari za kaunti anapoziomba, na kuitaka kaunti iteue ofisi ya kushughulikia jambo hilo.

Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo. Sheria hii ndiyo inayotoa utaratibu, muda na mipaka. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2019, ikafuata Sheria ya Kulinda Data. Tangu hapo afisa anayeshika faili ana sheria mbili mezani: moja inamwambia afungue, nyingine inamwambia alinde.

KILICHO CHA OFISI NA KILICHO CHA MTU

Njia rahisi ya kuuelewa mpaka huu ni kuuliza swali moja: habari hii inahusu kazi iliyofanywa kwa niaba ya umma, au inahusu maisha ya mtu anayeifanya kazi hiyo?

Katika fungu la kwanza mna mengi ambayo sheria ya 2016 inataka yatolewe hata kabla ya mtu kuyaomba. Kifungu cha 5 kinataja majukumu na mamlaka ya maafisa, utaratibu wa kufanya maamuzi, na viwango vya mishahara kwa kufuata vyeo. Kandarasi inapotiwa sahihi, taasisi ya umma inapaswa kutangaza aina ya kazi, kiasi cha pesa, jina la aliyepewa na muda wa mkataba.

Katika fungu la pili mna yale ambayo sheria hiyo yenyewe inayaita habari za kibinafsi: anwani na nambari ya simu ya mtu, alama za vidole, nambari za utambulisho, hali ya afya, ndoa, dini, historia ya matibabu na ya ajira, na miamala yake ya pesa. Sheria ya Kulinda Data inaongeza uzito zaidi kwa hali ya afya, asili ya kikabila, mali, na maelezo ya familia yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mume au mke.

Kwa hivyo, jina na cheo cha mhandisi aliyeidhinisha barabara ni la umma. Kijiji anakolala si cha umma. Kiwango cha mshahara cha muuguzi wa daraja fulani ni cha umma, ilhali makato ya mkopo wake wa chama cha akiba si ya umma. Ratiba inayoonyesha kwamba zahanati ilipaswa kuwa na muuguzi Jumatatu ni ya umma. Sababu ya kitabibu iliyomfanya asifike si ya umma, ingawa ukweli kwamba zahanati haikuwa na mhudumu siku hiyo hauwezi kufichwa.

Afrika Kusini iliandika mpaka huu kwa uwazi zaidi katika sheria yake ya mwaka wa 2000. Faragha haiwezi kuwa sababu ya kuficha kwamba mtu ni afisa wa umma, cheo chake, anwani na simu ya ofisi, kiwango cha mshahara wake, wala jina lake katika hati aliyoiandika akiwa kazini. Uganda, iliyotangulia Kenya kwa kupitisha sheria kama hii mwaka wa 2005, inaruhusu sehemu iliyokingwa itenganishwe na hati ili sehemu iliyobaki itolewe.

Huo ndio ufundi ambao afisa wa Kitui au Makueni anauhitaji zaidi: kufunika mstari mmoja kwa wino mweusi badala ya kulifungia kabatini faili zima.

HOFU ISIYO YA KUBUNI

Wapo wanaodhani kwamba usalama wa wafanyakazi ni kisingizio tu cha maafisa wanaotaka kuficha maovu. Ni kweli kwamba mara nyingine hutumiwa hivyo. Hata hivyo, historia ya karibuni ya eneo hili inaonyesha kwamba ofisi ya umma inaweza kuwa mahali pa hatari.

Mnamo Septemba 23, 2014, wakati wa mzozo wa bajeti kati ya bunge la kaunti ya Makueni na serikali ya Gavana Kivutha Kibwana, risasi zilifyatuliwa katika makao makuu ya kaunti mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa. Mgogoro huo ulizaa ombi la kuivunja kaunti na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe, lakini mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo. Kisa hicho hakikutokana na ombi la habari. Kilichoonekana ni jinsi ugomvi kuhusu pesa za umma unavyoweza kuwafikia watu walio kazini.

Biashara ya mchanga imeacha makovu vilevile. Mwaka wa 2011 konstebo wa polisi aliuawa Makueni katika mgogoro wa uchimbaji mchanga. Mwaka wa 2015 kaunti hiyo ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kudhibiti matumizi ya mchanga, na utekelezaji wake ukawaweka watumishi wa kaunti uso kwa uso na wenye malori. Huko Kitui, marufuku ya makaa na mchanga iliyotangazwa na Gavana Charity Ngilu mwaka wa 2018 ilizua uhasama mkubwa, na lori moja la makaa likateketezwa.

Katika mazingira kama hayo, mwananchi ana haki ya kujua ni afisa yupi aliyelizuia lori lake, kwa mamlaka gani, na faini aliyotozwa ilienda wapi. Lakini orodha ya askari wa kaunti yenye simu zao binafsi, vijiji vyao na zamu zao za usiku haiongezi chochote katika uwajibikaji. Inampa nafasi anayetaka kulipiza kisasi. Kifungu cha 6 cha sheria ya 2016 kinaruhusu habari zizuiwe ikiwa kuzitoa kutahatarisha usalama, afya au maisha ya mtu yeyote, au kuingilia faragha yake pasipo sababu.

Jambo moja huwakwaza maafisa wengi hapa. Kifungu cha 4 kinasema haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na dhana ya ofisi kuhusu nia yake. Afisa haruhusiwi kumwambia mwombaji, "Wewe una njama." Anachopaswa kupima ni madhara ya habari yenyewe ikiwa mikononi mwa mtu yeyote, kwani ikishatolewa kwa mmoja imetolewa kwa wote.

MFANO WA MAKUENI

Makueni imesifiwa nchini na nje kwa namna inavyowashirikisha wananchi. Mikutano huanzia vijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti, na kila mradi huwa na kamati ya wakazi ya kuusimamia. Kamati hiyo hukagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Mwaka wa 2019 kaunti ilizindua tovuti ya kandarasi inayomwezesha mtu kufuatilia zabuni hatua kwa hatua, na mwaka wa 2020 ikakubaliwa katika mpango wa kimataifa wa serikali zenye uwazi.

Mafanikio hayo yanaibua swali jipya. Wanakamati si maafisa wa kudumu. Ni mkulima, mwalimu mstaafu, mama wa kioski. Ripoti yao inaposema kwamba saruji ilikuwa haba au bomba ni la kiwango cha chini, mkandarasi hukosa malipo. Ripoti hiyo ni lazima iwe wazi, la sivyo kazi yao haina maana. Lakini simu na nambari za vitambulisho vyao, ambazo kwa kawaida huandikwa mbele ya kila sahihi katika orodha za mahudhurio, hazina sababu ya kufuatana na ripoti hadi mtandaoni.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba haki hizi mbili si maadui. Aliye hatarini zaidi si mfanyakazi mwizi, bali ni yule mkweli aliyekataa kutia sahihi kazi mbovu. Akifichuliwa anakoishi na kutishwa, mkaguzi atakayefuata ataandika kwamba kila kitu ni shwari. Mwananchi ataendelea kupata hati, lakini hati hiyo itakuwa ya uongo. Kumlinda anayeandika rekodi ni sehemu ya kulinda ukweli wa rekodi.

MISHAHARA, MAKABILA NA WAFANYAKAZI HEWA

Orodha ya mishahara ndiyo huzua ubishi mkali zaidi. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka matumizi ya mishahara yasipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Mlipa ushuru anastahili kujua kama kiwango hicho kinazingatiwa, na kama kuna wafanyakazi hewa wanaolipwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambazo hutangazwa kwa umma, hujibu sehemu kubwa ya maswali hayo bila kuchapisha hati ya mshahara ya mtu binafsi.

Suala la kabila lina ugumu wake. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Mkazi wa wadi ya Tharaka, kaskazini mwa Kitui, ana sababu ya haki ya kuuliza kama kaunti yenye Wakamba wengi inatii kanuni hiyo. Wakati huo huo, kabila la mtu ni miongoni mwa data nyeti. Jibu ni kutoa hesabu ya jumla kwa idara na kwa vyeo, bila kubandika kabila mbele ya kila jina.

Hesabu za jumla nazo zina mtego wake. Zahanati yenye wauguzi wawili ikitangaza kwamba "mmoja yuko katika likizo ya ugonjwa", kijiji kizima kitamjua ni nani. Idadi ikiwa ndogo kiasi hicho, ni busara takwimu zitolewe kwa wadi au kaunti ndogo.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kadiri cheo kinavyopanda ndivyo pazia la faragha linavyopungua. Gavana, waziri wa kaunti na diwani wanasimamia maamuzi makubwa, na mishahara yao hutangazwa na tume ya mishahara. Karani wa masijala hayuko katika kiwango hicho. Hata kwa wakubwa kuna mpaka. Juni 2024, wakati wa mjadala wa Mswada wa Fedha, nambari za simu za wabunge zilisambazwa mitandaoni na wakapokea simu na jumbe nyingi mno. Kura waliyopiga bungeni ni haki ya kila Mkenya kuijua na kuikosoa, lakini simu ya mke au mtoto wa mbunge haikupiga kura.

SHERIA YA DATA ISIWE NGAO

Kwa upande mwingine, wako maafisa ambao tangu mwaka wa 2019 wamepata jibu jipya la kuwafukuzia wananchi: "Hiyo ni data, imelindwa." Jibu hilo halitoshi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Kulinda Data kinasema masharti yake hayazuii habari zinazotakiwa kutolewa na sheria nyingine au kwa amri ya mahakama. Bei ya kandarasi haiwi siri kwa sababu mwenye kampuni ni binadamu mwenye jina.

Aidha, kifungu cha 6 cha sheria ya 2016 kinairuhusu mahakama kuamuru habari zitolewe iwapo manufaa kwa umma yanazidi madhara. Mahakama zimeonyesha kwamba haziogopi kufanya hivyo. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru serikali itoe mikataba ya ujenzi wa reli ya kisasa, baada ya wanaharakati kunyimwa hati hizo.

NAMNA YA KUOMBA NA KUJIBU

Mwananchi anayetaka rekodi huandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, akieleza kwa kina anachotaka. Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Afisa anapaswa kujibu kwa haraka, bila kuzidisha siku 21. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ikiwa habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe katika saa 48. Ofisi ikinyamaza muda ukapita, sheria inahesabu kwamba imekataa.

Aliyenyimwa ana siku 30 za kuiomba Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman, iupitie upya uamuzi huo. Asiporidhika, anaweza kufika Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitui na Makueni. Mfanyakazi aliyefichuliwa isivyofaa naye ana mlango wake: anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo Immaculate Kassait alikuwa wa kwanza kuiongoza alipoapishwa Novemba 2020.

Ombi zuri hurahisisha kazi kwa pande zote. Anayeandika "nataka faili lote la wafanyakazi wa hospitali" atakumbana na vikwazo vingi. Anayeomba "idadi ya wauguzi waliopangiwa zahanati yetu, viwango vyao vya mishahara, na siku ambazo zahanati ilifungwa mwaka uliopita" atapata anachohitaji bila kumgusa mtu yeyote.

KAZI ILIYOBAKI

Sehemu kubwa ya utata huu ingeisha kama rekodi zingetayarishwa tangu mwanzo zikijua kwamba siku moja zitasomwa na umma. Fomu ya ukaguzi iwe na nafasi ya jina, cheo na simu ya ofisi, isidai simu binafsi. Orodha ya mahudhurio ya kamati iwe na ukurasa wa sahihi, na ukurasa mwingine wa mawasiliano unaobaki ofisini. Habari za matibabu na nidhamu zikae katika faili lake, mbali na faili la mradi. Karani anayeshughulikia ombi awe na mwongozo ulioandikwa, ili asilazimike kuchagua kati ya kumkasirisha mkubwa wake na kumnyima raia haki.

Kaunti ikikosa kufanya hivyo, hubaki na njia mbili tu, zote mbaya. Ikifunga faili zima, kisima hukauka na kijiji hakijui ni nani aliyethibitisha kwamba kina maji. Ikifungua faili zima bila kuchuja, mkaguzi aliyesema ukweli hupigiwa simu usiku. Kwa yule mkazi aliyefika ofisini kuulizia kisima chake, njia hizo mbili huishia pamoja: atarudi nyumbani bila kujua pesa zilienda wapi.